UZI: Pikapu ya 22R inamisi (silinda inaruka bila kuwaka), plagi mpya zinaituliza wiki mbili, kisha inarudi palepale

TairiLaAkiba
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tuchambue hili kwa utaratibu, maana kubadilisha vipuri kwa kubahatisha kumefika mwisho.

Gari ni Hilux ya zamani, injini 22R, kabureta, silinda nne. Distribyuta ni ya elektroniki, si ya platini (vigusio vya kukata umeme). Dalili ni hizi:

Ikiwa ya baridi inawaka vizuri na inatulia. Ikishapata moto, kama dakika ishirini hivi, sailensi (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) inaanza kutetemeka, na kwenye ekzosi unasikia "puf" inayojirudia kwa mpangilio. Ukikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, inanyooka. Ukipanda mlima na mzigo kwa gia ya nne, inakatakata tena. Ukirudi gia ya tatu kuna nafuu.

Vilivyobadilishwa: plagi mara tatu, kofia ya distribyuta, rota, filta ya mafuta na ya hewa. Kabureta limesafishwa mara mbili. Kila zikiingia plagi mpya, wiki mbili raha, kisha yaleyale. Nyaya za plagi na tapeti (nafasi za vali) havijaguswa.

Kondensa
Mkuu, kabureta liache lipumzike. Kwenye maelezo yako naona misi mbili, si moja, na zimekuchanganya kwa sababu zinasikika sawa.

Ya kwanza ni ile ya sailensi inayopotea ukikanyaga. Hiyo ndiyo tabia ya silinda inayovujisha kompresheni, au ya upepo unaoingia kwenye manifoldi bila kupita kwenye kabureta. Injini ikizunguka polepole, hewa iliyobanwa inapata muda wa kutoroka. Ikizunguka haraka, haipati muda huo, kwa hiyo silinda inafanya kazi karibu kama kawaida. Upepo wa wizi nao kwenye sailensi ni sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia, lakini ukifungua mafuta unakuwa kitu kidogo tu.

Ya pili ni ile ya mlimani gia ya nne. Hiyo ni ya cheche. Kadiri silinda inavyojazwa, ndivyo presha inavyokuwa kubwa pale plagi inapotakiwa kuruka cheche, na ndivyo volti zinazohitajika zinavyopanda. Kama kuna mahali umeme unaweza kupita kirahisi kuliko kwenye mdomo wa plagi, utapita hapo. Ukirudi gia ya tatu unapunguza kukanyaga, presha inashuka, cheche inarudi mahali pake.

Na hizo wiki mbili za plagi mpya ni ushahidi. Elektrodi ya plagi mpya ina kona kali, cheche inaruka kwa volti ndogo. Kona zikishalainika kidogo, mahitaji yanapanda na ule udhaifu uliokuwepo muda wote unajitokeza. Kwa hiyo plagi zako hazikuwa mbovu hata mara moja. Zilikuwa mkongojo.

Usinunue kitu chochote mpaka ujue ni silinda ipi.

gia_ya_tano
Weka plagi za iridiamu ufungue mdomo hadi milimita 1.1, cheche inakuwa kubwa. Tatizo kwisha.

Kondensa
Hapana, ndugu yangu. Ukifungua mdomo unaongeza volti zinazohitajika, yaani unaizidishia mzigo sehemu ileile iliyoshindwa. 22R inataka milimita 0.8. Plagi zake za kawaida ni W16EXR-U ya DENSO au BPR5EY ya NGK, na zinatosha kabisa. Iridiamu inadumu zaidi, lakini haizibi vali wala haiponyi waya.

BiMultimita
TairiLaAkiba, namna ya kujua silinda bila kuharibu kitu ni hii.

Usivute waya wa plagi injini ikiwa inawaka halafu ukauacha ukining'inia. Fundi wa zamani alifanya hivyo kwenye platini na akaishia kurushwa mkono tu. Kwenye mfumo wa elektroniki, umeme usio na pa kwenda unapasua koili kwa ndani au unaua ignita (kifaa kinachokata umeme wa koili), na hapo unakuwa umejiongezea misi ya tatu.

Fanya hivi: pasha injini hadi ianze kumisi. Pandisha sailensi mpaka mizunguko 900 isije ikazimika. Zima. Chomoa waya wa silinda 1, uchomeke kwenye plagi ya ziada, na ile plagi uifunge kwa waya mzito kwenye chuma cha injini. Igusane na chuma sawasawa, isiwe imelazwa tu. Washa, soma takometa, andika mizunguko imeshuka kwa kiasi gani. Zima, rudisha, nenda ya 2, hadi ya 4. Usiiache injini katika hali hiyo zaidi ya nusu dakika kila mara, na kama gari lina katalisti (chombo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi) basi fupisha zaidi, maana mafuta yasiyoungua yanaenda kuungulia humo.

Silinda nzima inashusha mizunguko sana. Ile mgonjwa ukiizima injini haijali.

Ukimaliza, chomoa plagi zote uziweke kwa mpangilio wa silinda. Usiangalie mdomo peke yake. Angalia kauri nyeupe ya nje, ile inayoingia kwenye mpira wa waya.

TairiLaAkiba
Nimefanya. Injini ikiwa ya moto, mizunguko 900:

Silinda 1 ilishuka 110
Silinda 2 ilishuka 100
Silinda 3 ilishuka 30
Silinda 4 ilishuka 105

Plagi za 1, 2 na 4 mdomoni zina rangi ya kahawia iliyofifia. Ya 3 ina masizi makavu kidogo, haijalowa oili. Kwenye kauri yake ya nje kuna mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli, kutoka juu kwenye kichwa hadi kwenye chuma. Nimeufuta kwa kitambaa, haufutiki.

BiMultimita
Huo mstari ndio uliokuwa unakula plagi zako.

Ni njia ya kaboni. Cheche iliposhindwa kuruka mdomoni, ilitambaa nje ya kauri hadi kwenye chuma cha hedi (kichwa cha injini), na ilipopita iliunguza uchafu ikaacha mkaa. Mkaa unapitisha umeme. Kuanzia hapo kila cheche inayopata ugumu mdomoni ina barabara ya mkato.

Sasa chukua tochi, chungulia ndani ya mpira wa waya namba 3. Utakuta mstari pacha wake, upande uleule. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama: wanatupa plagi, wanaacha mpira. Plagi mpya inaingia kwenye mpira wenye mkaa, ndani ya siku chache mstari unahamia kwenye kauri mpya. Plagi na waya wake vinatoka pamoja au havitoki.

Pima pia nyaya zote kwa multimita, ncha hadi ncha, huku unaukunja waya taratibu, hasa karibu na mpira. Kikomo cha Toyota ni kilo-omu 25 kwa kila waya. Waya ukikatika kwa ndani, multimita inarukaruka ukiukunja. Cheche bado inaweza kuruka pengo hilo, ila inatumia volti ambazo zingekwenda mdomoni.

nusu_mwezi
Naongezea kipimo cha macho. Usiku wa giza, nje au mahali penye hewa, chukua chupa ya kupulizia yenye maji ya kawaida. Injini ikiwa inawaka, pulizia ukungu mwepesi juu ya nyaya, kofia ya distribyuta na shingo ya koili. Mikono mbali, nguo zisining'inie, feni ipo pale. Umeme unaotoroka utauona: vimulimuli vya bluu vinavyotembea juu ya mpira. Mahali penye kimulimuli kimoja kinachojirudia ndipo penye ufa.

Angalia pia nyaya zimelala vipi. Mpangilio wa moto wa 22R ni 1-3-4-2. Maana yake 3 na 4 zimepakana na zinafuatana kuwaka, vilevile 2 na 1. Waya wa 3 ukilala sambamba na wa 4 huku wamefungwa pamoja, mmoja unaweza kuamsha umeme kwenye mwenzake. Silinda 3 inapowaka, ya 4 ndiyo kwanza inaanza kubana: mchanganyiko upo ndani na presha ni ndogo, kwa hiyo cheche dhaifu tu inatosha kuiwasha kabla ya wakati. Hapo unasikia kugonga na kumisi kwa pamoja. Zitenganishe kwa vile vishikizo vyake vya plastiki, na zikilazimika kupishana zipishane kama msalaba.

TairiLaAkiba
Nyaya nimepima:

1: kilo-omu 9.8
2: kilo-omu 11.2
3: kilo-omu 38, nikikunja karibu na mpira inapotea kabisa
4: kilo-omu 8.6
Koili hadi kofia: kilo-omu 4.1

Ndani ya mpira wa 3 mstari upo, kama dada alivyosema. Na waya wa 3 na 4 zilikuwa zimefungwa pamoja kwa utepe. Naagiza seti nzima.

Kondensa
Agiza seti nzima, sawa. Lakini usishangilie bado. Hiyo inaeleza mlima. Haielezi kwa nini sailensi inatetemeka ikipata moto. Waya mbovu ungeweza kuonekana kwenye sailensi pia, ila ule mpangilio wa "puf" unaojirudia bila kukosa unanitia shaka. Misi ya cheche huwa haina adabu, inaruka inapotaka. Misi ya vali inapiga saa.

Kabla ya kupima kompresheni fanya kipimo cha bure. Shika kipande cha karatasi kwa umbali wa sentimita tatu hivi kutoka mdomo wa ekzosi, injini ikiwa ya moto kwenye sailensi. Karatasi inatakiwa isukumwe nje muda wote. Ikivutwa kuelekea bomba mara kwa mara kwa mpangilio, kuna vali ya ekzosi isiyofunga: silinda inaponyonya, inanyonya hewa kupitia bomba. Kama ekzosi imetoboka katikati kipimo hiki kinadanganya, ziba kwanza.

Kompresheni sasa. Watu wengi wanaipima ovyo, wakapata namba zisizo na maana:

Injini iwe ya moto. Plagi zote nne zitoke, si moja. Chomoa soketi ya umeme wa koili. Choki iwe wazi na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, kwa sababu kabureta likifungwa silinda inakosa hewa ya kubana na zote zitasoma chini. Betri iwe imejaa. Piga stata hadi mshale uache kupanda, kama mibano sita, idadi sawa kwa kila silinda.

Kwa 22R namba ya injini nzima ni psi 171, ya chini kabisa inayokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Geji za bei rahisi hukosea juu au chini, kwa hiyo mimi naamini tofauti kuliko namba yenyewe.

Silinda itakayosoma chini, mimina kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha kidogo, pima upya. Ikipanda sana ni ringi za pistoni. Isipopanda ni vali au gasketi.

TairiLaAkiba
Karatasi inavutwa. Mara kwa mara, kwa mpangilio.

Kompresheni ikiwa ya moto: 165, 162, 124, 160. Silinda 3 baada ya oili: 129.

Kwa hiyo hedi inashuka?

nusu_mwezi
Tulia mkuu, hedi haishuki leo. Hujapima tapeti.

Vali ya ekzosi iliyoungua na vali ya ekzosi iliyokazwa kupita kiasi zinatoa namba zilezile. Tofauti ni kwamba moja inataka hedi ishuke, nyingine inataka bisibisi na fila (vibati vya kupimia nafasi). Shina la vali ya ekzosi likipata moto linarefuka. Pale juu lazima iachwe nafasi ya huko kurefuka. Nafasi ikiwa ndogo mno, vali ikipata moto inabaki imeinuliwa kidogo na roka (mkono unaoisukuma vali), haikai kwenye kiti chake. Ndiyo maana yako inatulia ikiwa ya baridi.

Na ubaya wake ni kwamba haipigi kelele. Kiti cha vali kinapochakaa, vali inapanda juu na nafasi inapungua, kwa hiyo kelele zinapungua pia. Mwenye gari anafurahi injini imekuwa laini, kumbe vali inakosa mahali pa kupoozea joto lake, maana sehemu kubwa ya joto la kichwa cha vali hutoka kupitia kiti. Tapeti inayogonga inajitangaza. Iliyokaza inaungua kimya.

22R inapimwa ikiwa ya moto: vali ya kuingiza milimita 0.20, ya ekzosi 0.30. Njia ya kuzikamilisha kwa mizunguko miwili:

Zungusha puli ya krenki kwa spana hadi alama ya sifuri ikae sawa na silinda 1 ikiwa imebana. Utajua imebana kwa sababu roka zote mbili za silinda 1 zitakuwa zimelegea na rota itaelekea waya wa 1. Hapo pima vali za kuingiza za silinda 1 na 2, na za ekzosi za silinda 1 na 3.

Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili. Pima za kuingiza za 3 na 4, na za ekzosi za 2 na 4.

Usikariri upande upi ni wa ekzosi. Fuata manifoldi kwa macho: vali inayotazama bomba la ekzosi ndiyo ya ekzosi.

Fila inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu nati huzungusha skrubu kidogo inapokaza. Na andika namba ulizozikuta KABLA ya kurekebisha. Ukizirekebisha bila kuandika umefuta ushahidi.

mwendo_pole
Naomba kuingilia, wakuu. Yangu ni 22R-E ya injekta, inamisi silinda moja. Nitafute wapi kodi (namba za hitilafu) za P0300?

BiMultimita
Hutazipata, ndugu. Kodi za P0300 na wenzake ni za OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza kwa kompyuta, iliyokuwa ya lazima Marekani kuanzia magari ya 1996. Kompyuta ya 22R-E haihesabu misi. Inaweza kukupa kodi ya kihisio kilichokufa kupitia taa ya injini, basi.

Wewe badala ya kuhamisha nyaya za plagi, chomoa soketi ya injekta moja moja injini ikiwa inawaka. Ni salama zaidi na mafuta hayaendi kwenye katalisti. Silinda isiyoshusha mizunguko ikishajulikana, weka bisibisi ndefu kwenye mwili wa injekta, mpini sikioni: inatakiwa igonge "tik tik tik" kama wenzake. Ikiwa kimya, pima omu zake ukilinganisha na tatu nyingine. Zote nne ziwe karibu sawa. Injekta ikiwa nzima kwa umeme lakini imeziba, mbadilishane na ya jirani, uone kama misi inahama nayo. Pete za mpira ziwe mpya kila unapochomoa injekta, la sivyo utaongeza upepo wa wizi.

mwendo_pole
Shukrani. Na ya dizeli?

Kondensa
Dizeli haina plagi za cheche, ni somo jingine. Kwa kifupi: legeza nati ya bomba la nozeli moja moja kwenye sailensi, vaa miwani na glavu, usiweke mkono mbele ya bomba maana presha yake inapenya ngozi. Isiyobadilisha mlio ndiyo mgonjwa. Fungua uzi wake tuendelee huko.

TairiLaAkiba
Namba za tapeti kabla ya kugusa, injini ya moto:

Kuingiza: 0.20, 0.20, 0.18, 0.20
Ekzosi: 0.25, 0.28, silinda 3 fila ya 0.10 inaingia kwa nguvu na ya 0.15 haiingii, silinda 4 ni 0.25

Nimeziweka zote za ekzosi 0.30, za kuingiza 0.20. Kompresheni upya ikiwa ya moto: 166, 163, 152, 162.

Kondensa
Safi sana. Kutoka 124 hadi 152 bila kushusha hedi. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ni 14, yaani umesimama juu ya mstari wenyewe. Kiti cha silinda 3 kimeshaanza kuumia, ila hakijafa.

Kama unaweza kupata kompresa, malizia na kipimo cha kuvuja. Weka silinda 3 kwenye kilele cha kubana, toa spana kwenye puli kwanza kwa sababu krenki ikizunguka ghafla itamrushia mtu, halafu ingiza upepo kupitia tundu la plagi. Sikiliza. Ukisikia kwenye kabureta, vali ya kuingiza. Kwenye ekzosi, vali ya ekzosi. Kwenye mfuniko wa kujazia oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta au upepo kutoka tundu la silinda ya jirani, gasketi. Mzomeo hafifu wa ekzosi utausikia, usiogope. Ukiwa mkali kama tairi linalotoa upepo, hapo vali imeungua kweli.

gia_ya_tano
Kwa hiyo kabureta halikuhusika kabisa?

nusu_mwezi
Kabureta linalisha silinda zote nne kutoka shingo moja. Likikosea, zote zinalalamika, au mbili kwa pamoja. Silinda moja pekee ikimisi, kabureta ni la mwisho kushukiwa. Mafuta yakipungua mlimani gari linalegea na kujikokota, halipigi "puf" ya kuhesabika. Na kwa 22R unaweza kuangalia bila kufungua kitu: kabureta lina kidirisha cha kioo pembeni, mafuta yaonekane katikati yake injini ikiwa inawaka. Yakishuka chini ukipandisha mizunguko, angalia pampu na filta.

Kinachostahili kukaguliwa karibu na kabureta ni upepo wa wizi: ile plastiki nene iliyo chini yake, gasketi za manifoldi, mpira wa breki buusta, na vijimpira vidogo vya vakyumu vilivyokauka kama makaroni. Pulizia maji kwenye maungio, moja moja. Mlio ukibadilika, umepapata. Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya manifoldi ya moto. Kama umebahatika kugundua kuwa nyaya zako zinaruka cheche, nadhani unaona mwenyewe kwa nini hilo ni wazo la hovyo.

BiMultimita
Kwa watakaokuja kusoma huu uzi na dalili tofauti kidogo, kuna mambo mawili ya distribyuta ya aina hii yanayowapoteza watu.

Moja ni waya mwembamba wa kihisio ndani ya distribyuta. Sahani inayobeba kihisio hucheza kila vakyumu inapovuta, na waya unakunjwa kila mara hapohapo. Baada ya miaka mingi shaba inakatika ndani ya plastiki huku kwa nje iko nzima. Matokeo: misi inayotokea unapokanyaga au kuachia tu, silinda zote. Pima omu za kihisio, za 22R huwa 140 hadi 180, huku unavuta mpira wa vakyumu kwa mdomo ili sahani icheze. Namba ikiruka, umeipata. Na kama ukivuta kwa mdomo hakuna ukinzani, dayaframu imetoboka: unayo taimingi mbovu na upepo wa wizi kwa pamoja. Nafasi kati ya kihisio na meno ya rota yake iwe milimita 0.2 hadi 0.4. Pima kwa fila ya shaba isiyovutwa na sumaku.

Mbili ni bushi ya shimoni. Shika shimoni ya distribyuta, isukume kushoto na kulia. Ikicheza kiasi cha kuonekana, ile nafasi inabadilika kila mzunguko na taimingi inayumba. Kwa taa ya taimingi utaona alama inarukaruka badala ya kusimama. Lakini kabla ya kulaumu bushi, sikiliza mbele ya injini: 22R inajulikana kwa zile gaidi (reli) za plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi kuvunjika, cheni ikalegea ikaanza kusaga kava ya mbele. Alama inayumba vilevile. Hiyo haisubiri, kwa sababu cheni ikitoboa kava, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili.

Na misi inayozima silinda zote ghafla injini ikiwa ya moto, mshale wa takometa ukianguka hadi sifuri gari likiwa bado linatembea, hiyo ni ignita, koili, au waya wa umeme unaoilisha. Silinda moja pekee haiwezi kuwa koili kwenye gari la koili moja.

TairiLaAkiba
Majibu ya mwisho. Seti mpya ya nyaya imeingia, plagi mpya mdomo 0.8, nyaya 3 na 4 zimetenganishwa. Kipimo cha kuzima silinda moja moja: 105, 105, 95, 100. Geji ya vakyumu kwenye sailensi inasoma inchi 18, mshale unatikisika kidogo sana, zamani ulikuwa unashuka inchi tatu kwa mpigo. Mlima gia ya nne na mzigo, hakuna kukatika. Upepo wa kompresa kwenye silinda 3: mzomeo hafifu kwenye ekzosi, kwingine kimya.

Swali moja: baada ya kufunga kava ya tapeti, oili inavuja nyuma.

nusu_mwezi
Jina langu limetoka huko, mkuu. Hedi ya 22R ina vipande vya mpira vyenye umbo la nusu mwezi, kimoja kila mwisho. Vikishakauka havibanwi na gasketi peke yake. Vitoe, safisha mahali pake hadi chuma kikauke, weka silikoni nyembamba inayostahimili oili kwenye mviringo na kwenye kona mbili za juu, rudisha, subiri ishike, ndipo ufunge kava. Usikaze nati za kava kwa hasira, utaipinda na itavuja milele.

Plagi kwenye hedi ya aluminiamu zikazwe Nm 18, injini ikiwa ya baridi. Anza kwa vidole mpaka igote, ndipo soketi.

Kondensa
Na ile vali ya 3 usiisahau. Baada ya kilomita 1,000 pima tena ekzosi ya silinda 3 peke yake, ikiwa ya moto. Ukikuta 0.30 au 0.28, iache, rudi tena baada ya 10,000. Ukikuta 0.20, kiti kinaliwa, na kurekebisha kila mara ni kuahirisha tu. Hapo hedi ishuke, vali na kiti visagwe au vibadilishwe, na hedi ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma kabla haijarudi.

Andika kwa kalamu ya rangi chini ya boneti: "EKZ 3 = 0.30", na kilomita za leo pembeni.

TairiLaAkiba
Nimeandika. Nitarudi na namba ikifika 1,000.